Nina makopo tisa ya krimu, na ngozi bado inaniwasha

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 27 na nina pumu ya ngozi tangu utotoni. Zamani ilikaa nyuma ya magoti na kwenye mikunjo ya viwiko tu, inakuja na kuondoka. Mwaka huu imepanda hadi shingoni, na kwa miezi minne sasa kope zangu zinavimba na kubanduka magamba, hasa asubuhi. Nikinawa, uso unakaza kabla hata sijajifuta.

Si kwamba sijali. Nina makopo na chupa tisa kwenye droo. Nimenunua sabuni ya uso yenye povu, tona, seramu ya vitamini C, krimu mbili zilizoandikwa ni za ngozi nyeti, na nyingine iliyoandikwa kwamba haisababishi mzio. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonichonyota kuliko zote. Rafiki yangu akanipa mafuta ya lavenda, akasema hayana kemikali, ni asilia tupu, yeye anayapaka kila siku. Usiku wa kwanza yalinituliza. Kufika usiku wa tano shingo ilikuwa inawaka moto.

Kitu kilichonisaidia kweli ni krimu niliyouziwa na mtu, imo kwenye kikopo cheupe chenye jina tu, hakina maandishi mengine. Siku ya tatu ngozi ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga, nikapaka mpaka kwenye kope. Lakini nikiacha siku nne tu, upele unarudi na ndugu zake. Sasa niko kwenye kopo la tatu.

Mama ananiambia niachane na yote, nipake yale mafuta mazito ya mgando aliyokuwa akinipaka nikiwa mdogo. Nampenda mama, ila naona hayo ni mambo ya zamani, na yananing'arisha uso. Baada ya wiki sita naanza kazi mpya ya mapokezi, nitakaa mbele ya watu kutwa nzima. Kitu pekee kinachonipa raha kwa sasa ni kucha: huu ni mwezi wa tano naenda kutengenezwa kucha za jeli kila baada ya wiki tatu, angalau mikono ipendeze maana uso umenishinda.

Naomba unitajie bidhaa moja tu inayofaa, niinunue hiyo, nipumzike.

Niliyechoka Kujikuna

* * *

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza niliisoma nikitafuta cha kukutajia. Mara ya pili nikasimama kwenye kile kikopo cheupe, na ya tatu nikasimama kwenye kucha. Kwa hiyo niruhusu nianze na hayo mawili kabla ya kuongea habari ya kununua chochote.

Mimi si daktari, na siwezi kupima kilichomo kwenye kikopo nikiwa mbali. Ila tabia uliyoieleza naifahamu: ngozi inatulia kwa siku tatu, ukiacha inarudi kwa nguvu zaidi, unapaka tena, unahitaji zaidi. Hivyo ndivyo zinavyofanya krimu zenye steroidi kali iliyofichwa, yaani dawa ya jamii ya homoni inayotuliza uvimbe na muwasho, mara nyingi clobetasol au betamethasone. Wakaguzi wa dawa katika nchi nyingi wamezikuta mara kwa mara ndani ya krimu zinazouzwa bila orodha ya viambato, nyingine zikisifiwa kuwa za mitishamba. Steroidi kali ikipakwa kwa muda mrefu bila uangalizi hupunguza unene wa ngozi, huleta chunusi na michirizi, na ikipakwa sehemu kubwa ya mwili huingia kwenye damu na kuufanya mwili upunguze kutengeneza homoni yake yenyewe ya aina hiyo. Kwenye kope nina wasiwasi zaidi, kwa sababu ngozi ya hapo ni nyembamba kuliko nyingine zote na steroidi ikitumika kando ya jicho kwa muda inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Krimu zisizo na orodha zinazoifanya ngozi iwe nyeupe haraka zimewahi pia kukutwa na zebaki.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya dukani, nenda kwa daktari wa ngozi, au daktari yeyote ikiwa wa ngozi hapatikani karibu. Nenda na kikopo. Usikitupe kwa hasira, maana ndicho ushahidi. Mwambie umekipaka wapi, mara ngapi kwa siku, kwa miezi mingapi, na usisahau kope. Yeye ndiye atakayekupangia namna ya kukiacha, kwa sababu kuacha ghafla baada ya makopo matatu kunaweza kukuletea mlipuko mbaya.

Na hapa nakuomba sana usichukue maneno yangu ukayageuza kuwa chuki dhidi ya steroidi zote. Daktari akikuandikia steroidi ya nguvu inayofaa sehemu ile, kwa siku alizozihesabu, itumie bila woga. Nimeona watu wengi wakiacha ngozi ya mtoto ipasuke na kutoka majimaji kwa sababu waliambiwa steroidi ni sumu. Steroidi iliyopimwa na ile iliyofichwa ni vitu viwili tofauti kabisa, hata kama kilichomo ndani ni kilekile.

Sasa kucha. Umesema unatengeneza kucha za jeli huu mwezi wa tano, na kope zinakusumbua kwa miezi minne. Huenda ni bahati mbaya tu. Lakini mzio wa vifaa vya kucha una kawaida ya kujitokeza kwenye kope na shingo kuliko kwenye vidole vyenyewe, kwa sababu ngozi ya vidole ni ngumu na sisi hujigusa uso mara nyingi bila kujua. Kucha za jeli hutengenezwa kwa kemikali za jamii ya akrilati, ambazo zisipokauka sawasawa chini ya taa hubaki zikigusa ngozi. Najua nakunyang'anya raha yako pekee, na inaniuma kukuambia hivyo. Ziondoe kwa wiki nane hivi, uangalie kope zitasema nini. Na mwambie daktari, kwa sababu kipo kipimo cha kubandika vipande vidogo vya kemikali mgongoni kwa saa 48, kisha ngozi inasomwa vikitolewa na tena siku mbili hivi baadaye. Kipimo hicho kitakuonyesha kama ni akrilati, ni manukato, au ni kitu kingine usichokishuku. Kisipofanyika utaendelea kubahatisha kwa makopo.

Twende kwenye droo yako.

Swali ambalo naona linakuumiza, ingawa hukuliuliza wazi, ni hili: kwa nini kinachomfaa rafiki yako kinakuchoma wewe? Ngozi ya juu imejengeka kama ukuta. Seli ndiyo matofali, na mafuta yaliyo katikati yake ndiyo udongo unaoyashika. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, walionyesha kwamba watu wengi wenye pumu ya ngozi wana hitilafu kwenye jeni ya protini iitwayo filagrini, ambayo husaidia kuujenga ukuta huo. Si wote wenye ugonjwa huu wana hitilafu hiyo, lakini hali ya ukuta kuvuja ni ya wote. Maji yako yanatoka kirahisi, na kinachopakwa juu kinaingia kirahisi. Rafiki yako anapaka lavenda juu ya ukuta mzima, wewe unaipaka juu ya ukuta wenye nyufa. Kwa hiyo usijilaumu, na usimlaumu yeye.

Ndiyo maana nakuomba ubadilishe namna ya kuchagua. Wewe umekuwa ukitafuta krimu yenye kitu fulani cha kutibu. Anza kutafuta krimu isiyo na vitu. Kadiri orodha ya nyuma inavyokuwa fupi, ndivyo ngozi yako inavyokuwa na sababu chache za kugomba.

Mbele ya kopo ni tangazo, nyuma ndiko kwenye habari. Yale maneno "haisababishi mzio" yaliyokuuzia krimu iliyokuchonyota hayana maana moja ya kisheria hata Marekani: mamlaka ya chakula na dawa ya huko ilijaribu kuyawekea masharti mwaka 1975, watengenezaji wakaenda mahakamani, na mwaka 1977 masharti yakaanguka. Hadi leo kampuni inaweza kuyaandika kwa maana inayoitaka yenyewe. "Imepimwa na madaktari wa ngozi" nayo haikuambii walipima nini wala waliona nini. Na "asilia" si kinga. Mafuta ya lavenda, ya mchaichai, ya mti wa chai na mengine ya kunukia ni mchanganyiko wa kemikali nyingi zilizotoka kwenye mmea, na ni miongoni mwa vitu vinavyoamsha mzio wa ngozi. Yalikutuliza usiku wa kwanza na kukuchoma usiku wa tano, na huo ndio mwendo wa mzio: haukimbilii, unajikusanya. Kinachochonyota papo hapo kwa kawaida ni kitu kinachowasha tu. Kinachoanza kuwasha baada ya siku moja hadi tatu kina dalili zaidi za mzio.

Nyuma ya kopo tafuta kwanza neno Parfum au Fragrance. Likiwepo, rudisha kopo mahali pake, hata kama limeandikwa ni la watoto wachanga. (Nilimlea mwanangu wa kwanza mwenye ngozi kama yako, na losheni ya watoto yenye harufu nzuri ndiyo iliyompasua mashavu. Nilikuwa naipaka zaidi kila alipozidi kuwashwa, nikidhani namsaidia. Mpaka leo nikiinusa harufu ile nasikia uchungu.) Uwe mwangalifu pia na bidhaa inayosema haina harufu, kwa sababu nyingine zimetiwa manukato ya kuficha harufu ya viambato. Unachotaka ni ile isiyo na manukato yaliyoongezwa, na orodha ndiyo inayothibitisha.

Jina la pili ni methylisothiazolinone. Huna haja ya kulitamka, litambue kwa macho. Ni kihifadhi, yaani kitu cha kuzuia krimu isiharibike, kilicholeta mzio kwa watu wengi kiasi kwamba chama cha Marekani cha wataalamu wa mzio wa ngozi kilikitangaza kuwa kiamsha mzio cha mwaka 2013, na Umoja wa Ulaya ukakipiga marufuku kwenye vipodozi vinavyoachwa kwenye ngozi bila kuoshwa, kuanzia 2017. Parabeni, ambazo nazo ni vihifadhi na watu wanazikimbia sana, chama hichohicho kiliziita mwaka 2019 kitu kisicho na mzio, kwa maana kwamba huamsha mzio mara chache mno. Nimekuandikia hili kwa sababu kuna watu wanakimbia parabeni wakaangukia kwenye kihifadhi kibaya zaidi.

Jina la tatu ni sodium lauryl sulfate, linalotengeneza povu. Bila shaka limo kwenye sabuni nyingi za uso zinazotoa povu zito, na uso kukaza kabla hujajifuta ni malalamiko ya ukuta uliooshwa mafuta yake. Sabuni nyingi za kipande zina pH (kipimo cha tindikali, namba ikiwa ndogo tindikali ni kali zaidi) ya 9 hadi 10, wakati ngozi inapenda kukaa karibu na 5. Seramu yako ya vitamini C iko upande wa pili, nyingi zina tindikali kali, na ngozi iliyopasuka haiwezi kuivumilia. Iweke kando pamoja na tona. Chochote chenye retinoli au tindikali za kubandua ngozi kisiguswe mpaka ngozi itulie kwa miezi, na hata hapo kwa ruhusa ya daktari.

Utanunua vitu vitatu tu. Cha kwanza ni kioshea kisicho na povu wala manukato, utakachotumia kwenye kwapa, sehemu za siri, miguu na uso jioni. Kwingine maji ya uvuguvugu yanatosha, dakika tano hadi kumi. Cha tatu, nikiruka kidogo, ni kinga ya jua ya madini, yenye zinc oxide, kwa sababu aina za kemikali huchoma kope za watu wengi wa aina yako.

Cha pili ndicho chenye kazi, cha kulainisha ngozi, na hapa nitamtetea mama yako. Mafuta mazito ya mgando, yaani jeli ya petroli isiyo na manukato, hayana maji, kwa hiyo hayahitaji kihifadhi. Orodha yake inaweza kuwa na kiambato kimoja tu. Yanaziba nyufa na kuzuia maji yasitoke, na ni nadra sana kumletea mtu mzio. Si mambo ya zamani kwa maana ya kupitwa. Mwaka 2022 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya watoto 550 wenye pumu ya ngozi waliogawiwa losheni, krimu, jeli au mafuta mazito. Hakuna aina iliyozishinda nyingine kwa kupunguza ugonjwa. Hilo linajibu ombi lako la kutajiwa moja inayofaa: inayofaa ni ile isiyokuchoma ambayo utakubali kuipaka kila siku.

Kwa hiyo fanya hivi. Usiku, mafuta ya mama. Asubuhi, krimu isiyo na manukato yenye gliserini au seramidi (mafuta ya aina ile iliyomo kwenye ukuta wa ngozi), ambayo haitaufanya uso ung'ae. Urea ni nzuri kwa ngozi kavu lakini huchonyota penye michubuko, basi isubirishe. Na kama utataka mafuta ya mimea, epuka ya zeituni: yana tindikali ya oleiki nyingi, na utafiti wa mwaka 2013 uliofanywa kwa watu wazima uliyakuta yanalegeza ukuta wa ngozi, wakati ya alizeti hayakufanya hivyo.

Lakini nataka uangalie sana kiasi, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hushindwa hata wakiwa na krimu nzuri. Mwili mzima wa mtu mzima unahitaji gramu 500 hivi kwa wiki wakati ugonjwa umeamka. Soma tena nambari hiyo, halafu angalia vikopo vya gramu 50 kwenye droo yako. Krimu ghali unayoipaka kwa ncha ya kidole ili isiishe upesi itakusaidia kidogo kuliko ya bei nafuu unayoipaka bila kuhesabu. Paka ndani ya dakika tatu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, ukifuata mwelekeo wa vinyweleo, bila kusugua. Paka tena mchana. Kopo lisilo na pampu lichotwe kwa kijiko safi. Ukiandikiwa dawa na daktari, acha nusu saa hivi kati ya dawa na mafuta. Na uwe mbali na moto na sigara: shuka na nguo zilizonyonya mafuta haya hushika moto haraka, na kufua hakuyaondoi yote.

Kila kitu kipya kijaribu kwanza. Paka sehemu yenye ukubwa wa sarafu upande wa ndani wa mkono, palepale, mara mbili kwa siku kwa siku saba mpaka kumi, kisha ndipo uso. Leta kitu kimoja kwa wakati. Ukileta vitatu pamoja na ngozi ikachafuka, hutajua yupi ni mkosaji. Vioshea usivijaribu kwa njia hii, kwa sababu vikiachwa kwenye ngozi huwasha mtu yeyote.

Kuhusu shingo, kumbuka povu la shampuu hupita hapo likishuka, na manukato ya kupuliza hutua hapo hapo. Pulizia nguo.

Wiki sita za kazi mpya ni chache, lakini si chache mno. Muwasho unaweza kupungua ndani ya wiki mbili au tatu. Mabaka yatachelewa, kwa sababu kwenye ngozi nyeusi ugonjwa huu mara nyingi hauonyeshi wekundu, unaonyesha zambarau au kijivu, na ukipona huacha weusi au weupe unaochukua miezi kuondoka. Hayo ni kivuli cha ugonjwa, hayahitaji krimu ya kufanya ngozi iwe nyeupe, na ukienda kuitafuta utarudi kwenye kikopo cheupe. Ukitaka vipodozi vya kufunika, chagua visivyo na manukato, uvipake juu ya krimu iliyokwisha kuzama, na si siku ngozi ikiwa imechubuka.

Ukiona magaga ya manjano, majimaji, joto na homa, ngozi imeingiwa na vijidudu, usisubiri miadi yako. Na yakitokea malengelenge madogo yaliyojikusanya pamoja, yanayouma kuliko kuwasha, nenda hospitali siku hiyohiyo. Yakiwa karibu na jicho, nenda saa hiyohiyo.

Piga picha maandishi ya nyuma ya makopo yote manane yaliyobaki, uyaonyeshe kwa daktari pamoja na hicho cheupe. Halafu niandikie kucha zikiwa zimetoka kwa wiki nane, nijue kope zimesemaje.

Shangazi yako